Ugali wa Udongo

Baba yangu, Damasi, ni fundi bati hapa Maisaka. Mwaka ule wa 1984 bati halikupatikana kabisa, na duka la ushirika lilikuwa na foleni tu. Kibanda chake cha kazi kilikaa kimya miezi tisa. Ndipo akapata pipa moja tupu la dizeli, akalilipia kwa gunia la maharage, akiba yetu ya mwisho.

"Hili linatoa majiko manne ya mkaa," alimwambia mama. "Nikilikata vibaya, tunarudi Mbulu kulima kwa kaka."

Mama hakutaka kurudi Mbulu. Mimi pia. Pipa likakaa ukutani wiki mbili, baba analizunguka tu.

Kwanza alifinyanga jiko la udongo la kujaribia, kimo chake mpaka gotini, maana mama mgongo unamsumbua. Lilipokauka akaweka sufuria ya maji juu yake. Likatulia. Akachukua tindo na nyundo, akaliendea pipa.

"Subiri kidogo, Baba Paskalina," mama akasema. Alikuwa anachambua mboga. "Hilo la udongo ni zito kama jiwe. La bati litakuwa jepesi. Halafu wewe umejaribu na maji tu. Ugali tutasongea wapi?"

Baba akaweka nyundo chini, akaanza kuvuta sikio. Huwa anafanya hivyo akifikiri.

Kesho yake akatengeneza jingine la mabua ya mahindi, akayafunga kwa kamba ya katani, kimo kile kile. Unaliinua kwa vidole viwili. Ila unga wa kuchezea hatukuwa nao. Mama akatia udongo kwenye sufuria, akaongeza maji, akashika mwiko, akasonga.

Mzee Alois, jirani yetu, alikuwa anapita. Nikamwamkia, akaitikia, macho yake yako kwenye sufuria.

"Mama Paskalina, mmefika huko? Ungesema ningeleta mboga."

"Lete tu, mzee. Huu utatutosha wote."

Mama akaendelea kusonga. Udongo ulipokaza akaegemeza bega, kama ugali unapokaribia kuiva. Jiko likainama, likalala. Udongo wote ukamwagikia miguu yake.

Ulikuwa wa baridi. Tuliitazama ile miguu, na mzee Alois hakuwa na utani tena.

"Lifupishe," mama akasema. "Nitakaa kwenye kigoda. Mgongo wangu niachie mwenyewe."

"Na miguu ya jiko itanuliwe," mzee Alois akasema, "kama ndama anayenyonya."

Mimi nilikuwa nimeuona mguu wa kushoto wa mama wakati anasonga. Ulikuwa unahangaika, unatafuta kitu. Sisemi sana mbele ya wakubwa, lakini nikasema, "Baba, mama hana pa kukanyaga."

Baba akavuta sikio. Jiko la tatu la mabua lilikuwa fupi, limetanuka, na mbele lina ulimi wa ubao wa kuwekea mguu. Mama akakaa, akakanyaga ule ulimi, akausonga udongo mpaka jasho likamtoka. Mzee Alois akalisukuma kwa fimbo yake. Halikwenda popote.

Baba akayafungua mabua, akayalaza moja moja juu ya pipa, akachora kwa mkaa. Kisha akapiga tindo, na safari hii hakusimama.

Mama akaenda kunawa miguu.