Aliyechagua Baiskeli kwa Kukaa Nyuma

Shemeji yangu anauza baiskeli za mitumba hapa Kakoba, mjini Mbarara, na si mtu wa kuacha biashara asubuhi kuja kunitafuta nyumbani. Kwa hiyo nilipomwona amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi, nilijua kuna jambo. Nilimkaribisha chai akakataa. "Yule Mkongo wako wa springi," akasema, "amekufa jana kwenye mteremko wa Masha. Baiskeli imemkatikia." Kisha akakaa chini mwenyewe, akawa anaitazama mikono yake. Nyinyi mnaosoma safu hii kila wiki mnajua kwamba mimi ni mwepesi wa maneno, hata pale yasipohitajika. Asubuhi ile nilimletea tu maji ya kunawa mikono.

Marehemu hakuwa rafiki yangu. Naliweka wazi hili mapema, kwa sababu mtu akishafariki hupata marafiki wengi ghafla. Tulifahamiana tu. Alikuwa mkimbizi kutoka Kivu Kusini, mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mkulima wa kishamba cha mahindi na maharage. Alikuwa akija Mbarara na maharage nyuma ya baiskeli, na kwetu alipita kwa sababu mke wangu aliyapenda yale yake ya njano. Mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, aliyekunywa maji amechuchumaa hata kama kiti kipo. Wengine wakipumzika huzungumza mpira au siasa. Yeye alizungumza barabara, shimo baada ya shimo, na mimi nilimtania kwamba angefaa kuajiriwa na wizara, mpaka siku aliponieleza sababu. Mke wake aliumia mgongo walipokuwa wakikimbia kwao, na hakupona tena. Ilibidi afike kituo cha afya mara kwa mara, na usafiri wao ulikuwa ile baiskeli nyeusi ya chuma tunayoijua sote, yenye keria isiyojua huruma. Kwenye kila shimo mama yule aliuma pindo la kitenge ili asilie. Mumewe hakumwona, maana alikuwa mbele anakanyaga pedali, lakini aliniambia kuwa alimsikia akijikaza, na kwamba yeye mwenyewe alifika kituoni amechoka kuliko mgonjwa.

Basi siku moja akamwona askari wa kambi ya jeshi ya Makenke akipita na baiskeli ya milimani yenye springi mbele na nyuma, akishuka kutoka ukingo wa lami bila hata kuinuka kitini. Akaja moja kwa moja kuniuliza vitu vile hupatikana wapi. Nikampeleka kwa shemeji. Nimewaona watu wengi wakichagua baiskeli ya kwanza ya aina ile, hasa vijana wetu wa mjini, na wote hufanya yaleyale: wanaangalia rangi, wanahesabu gia, wanajipiga picha. Huyu hakugusa hata usukani. Alisema maneno ambayo shemeji yangu huyarudia mpaka leo: "Patron, minatafuta kinga yenye haitaumiza muntu wa nyuma. Mie wa mbele, ata niumie." Kinga ndiyo baiskeli kwa lugha yao. Akaomba shemeji apande yeye mbele, aendeshe, naye akae nyuma.

Baiskeli hizi haziji na keria, kwa hiyo shemeji alifunga kibao kwenye nguzo ya kiti, akampakia mteja wake mwenye miguu mirefu, wakaanza kuzunguka kile kichochoro cha nyuma ya soko chenye matuta na mifereji ya maji machafu. Wauza nyanya waliacha kuuza. Yule bwana alikuwa amefumba macho, viganja viwili amevibana kiunoni, pale pale mkewe alipokuwa akiumia, na kila walipopita tuta alitoa hukumu kwa sauti ya daktari: hii hapana, hii inarusha, hii inapiga mara mbili. Walibadilisha baiskeli, wakazunguka tena. Shemeji alikuwa analoa jasho na kunilaani kwa macho. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sasa nikikumbuka naona kwamba ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akinunua kitu cha kumbeba mwingine kwa kuuazima kwanza mwili wa huyo mwingine, na kicheko kinanikauka.

Shemeji ni mkweli katika kazi yake, akamfundisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza pale fremu inapojikunja, bushi, zile pete za ndani ya maungio, zimekwisha, achana nayo. Bonyeza kiti kwa uzito wako wote, kirudi juu taratibu. Kikiruka, na mgonjwa ataruka. Pangusa vumbi kwenye maungio utafute ufa. Na springi ilingane na uzito utakaoupakia: ikilala sana, tafuta iliyo nene zaidi, usifanye kitu kingine chochote. Mwisho alichagua moja mbaya kuliko zote, fremu ya chuma iliyochakaa rangi, isiyo na kipande kimoja cha kujivunia. Lakini nyuma pale, alisema, ilikuwa inapokea tuta.

Ng'ambo ya barabara kuna mchomeleaji, na hapa lazima nieleze desturi yetu kwa msomaji asiye wa huku. Kwetu baiskeli haiendi nyumbani kabla ya kupita kwa mchomeleaji. Hata ikiwa mpya kabisa, inaongezwa nondo chini ya keria, bomba la pili juu ya fremu, vyuma pembeni mwa uma unaoshika gurudumu la mbele. Tunasema inaimarishwa. Baiskeli isiyo na makovu ya moto tunaiona kama mtoto aliyetoka nje bila nguo. Mchomeleaji alikuwa tayari ameshasimama, miwani myeusi kichwani, anamsubiri. Yule bwana akamwamkia kwa heshima, akapita. Mchomeleaji akamwita, akamwita tena, akatuuliza sisi kama mtu yule ana akili timamu.

Alirudi baada ya muda na maharage, na sijawahi kumwona na furaha ile. Alisema mkewe amefika kituo cha afya na kurudi bila kuuma kitenge. Nakivale walimcheka, alisema. Watu walisimama njiani kuitazama baiskeli inayopanda na kushuka, wakauliza kama ni kitanda au ni chombo cha kazi. Hakujali. Kilichomshinda si kicheko. Chakula cha mgao kilipunguzwa, kisha kikapunguzwa tena, shamba nalo likakosa mvua, na ikawa lazima baiskeli ileile iliyombeba mama ilete pia riziki. Akaanza kwenda Masha kuchukua mikungu ya ndizi na kuipeleka kuuza. Kwa mikungu ile springi ililala chini kabisa, tairi likawa linakwaruza fremu. Akaja kwa shemeji kutafuta springi nene. Haikuwepo. Shemeji alimsihi asubiri mzigo mwingine ufike. Mwenye njaa nyumbani unamwambia asubiri mzigo? Alivuka barabara.

Mchomeleaji akaitoa springi, akaweka mahali pake kipande cha nondo, akakichomelea juu na chini. Akaongeza keria ya chuma mpaka kwenye ekseli. Baiskeli ikawa ngumu, ikawa kama za wenzake, na watu wakaacha kucheka. Ilibeba mikungu msimu mzima. Kila tetemeko lililokuwa likimezwa na springi likawa sasa linaingia kwenye fremu yenyewe, kwenye bomba jembamba lililoungua kwa moto wa kuchomelea. Shemeji ameniambia kwamba ufa lazima ulianza hapo. Siku ile ya Masha alikuwa anateremka amesheheni, na nyuma ikaachana na mbele. Waliomwokota wanasema mikungu ilimwangukia. Sitaki kueleza zaidi. Nina hasira, na hasira yangu haijapata wa kumshika.

Tulikwenda Nakivale kwa gari la shemeji, watatu. Wa tatu alikuwa mchomeleaji, aliyetufuata mwenyewe akaomba nafasi. Tulifika mchana, kwaya ya kanisa lao inaimba kwa Kibembe, lugha ya kwao, mbele ya nyumba ya udongo, na baiskeli imeegemezwa ukutani vipande viwili, kama na yenyewe inazikwa. Wanaume walikuwa wameizunguka. Mchomeleaji akachuchumaa, akapitisha kidole pale ilipokatika, machozi yakamtoka, kweli yalimtoka. Kisha akamgeukia shemeji, akamwita bwana kwa lugha ya huku: "Sebo, mimi nilimwambia. Chuma ilikuwa kidogo. Ingekuwa mbili, hii kitu haiwezi vunjika." Na wale wanaume, waliomzika mwenzao asubuhi ileile, wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba vitu vya springi ni vya watu wa starehe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko baiskeli. Sisi watu wa sehemu hizi, wenyeji na wageni, tumefundishwa kwamba kinachobonyea ni kibovu. Tunawasifu watoto wasiolia wakichapwa. Mjane asiyetoa machozi tunasema ana moyo. Mkimbizi anayekula mara moja kwa siku bila kulalamika anaonyeshwa kwa wageni kama mfano bora. Kitu kikituumiza hatukilainishi, tunakiongezea chuma, halafu kikikatika tunasema chuma kilikuwa kidogo. Nimeishi Mbarara maisha yangu yote na nimeyasema haya mwenyewe, kwa fahari, mezani pangu.

Nikaingia kumpa pole mjane. Alikuwa amelazwa ubavu juu ya mkeka kando ya kitanda, maana kukaa hawezi. Shemeji na mchomeleaji waliingia nyuma yangu, wakabaki wamesimama karibu na mlango. Nilisema yale ambayo watu husema. Aliitikia kwa adabu, akaniita Papa, akanishukuru kwa kumwonyesha mumewe "fasi", yaani mahali, pa kununua kinga. Halafu akaingiza mkono chini ya kitanda akavuta kifurushi cha kitambaa, akakifungua. Ilikuwa springi. Imepanguswa, imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu.

Akazungumza taratibu, nami nayaandika kama nilivyoyasikia. "Papa, siku ya kwanza, mu kurudia, nililala. Nililala juu ya kinga. Akanifunga na kitenge ku mugongo yake, nisianguke." Alisema kwamba walipotia chuma, mumewe aliiweka springi ile chini ya kitanda na kumwahidi kitu kimoja: siku utakaponiambia inauma, nitaitoa nondo na kuirudisha hii, mikungu itajua yenyewe. Na kila walipotoka kituo cha afya alimwuliza. "Kila mara aliniuliza: inauma? Nikasema hapana, haiumi. Sababu ile chuma ndiyo ilikuwa inatukulisha. Na bantu ba hapa bananiitaga mwanamuke wa nguvu." Akaifunga springi katika kitambaa chake, polepole, akairudisha alipoitoa.

Nimeandika kumbukumbu nyingi katika safu hii na mwishoni huwa natafuta la kujifunza kutoka kwa aliyeondoka. Safari hii la kujifunza liko kwa aliyebaki, na ni chungu. Mwanaume yule alifanya lililo gumu kuliko yote, kukaa mahali pa mwenzake akaumia kwa niaba yake kabla ya kuchagua. Akauliza, na akaendelea kuuliza. Kilichomwua ni jibu ambalo sisi sote tumemfundisha mkewe kulitoa. Simlaumu, na yeyote atakayemlaumu asinisome tena. Ninachowaomba ni kidogo: ukiulizwa na anayekupenda kama inauma, na inauma, mwambie.

Tulirudi jioni, mimi na mchomeleaji tumekaa nyuma. Barabara ya kutoka Nakivale mnaijua. Shemeji alikuwa anaendesha kwa haraka, kama sisi wote tunavyoendesha tukitaka kuliacha jambo nyuma, na tulipoingia kwenye shimo moja gari lote likalia. Akauliza bila kugeuka kama huko nyuma tuko salama, na nikafungua mdomo kusema tuko salama. Mchomeleaji alinitangulia. "Hapana, sebo," akasema. "Inauma. Enda pole pole." Shemeji akapunguza mwendo, na tukaenda hivyo mpaka Mbarara.