Telefone mupya haijafika Bunia

Leo nilikuwa mutu wa kwanza kwa mulango ya duka ya simu. Nimerudi mikono mitupu.

Mara ya tatu sasa, kampuni ya simu inasema telefone yao mupya ya bei kidogo itatoka "juma ijayo".

Kwa mustari, mumoja anasema imekwama kwa bandari ya Mahagi-Port. Mwingine: zote zimeishia Kinshasa. Munaamini nani?

Miye nilitaka moja ya kumutumia mama kule Djugu, aone mutoto yangu kwa video. Macho ya mama inazimika.

Nikauliza dada wa kampuni: "Itafika kweli?"

"Hata siye hatujui, kaka. Ukisikia kitu, utuambie."

Mama akapiga kwa telefone yake ya zamani, ile haina video. Nikamuambia ukweli.

Akasema:

"Basi unielezee tu. Mutoto anafanana nani?"