Tulivyomlilia Dada Kofia

Enzi zetu, sisi tuliokulia kota za reli pale Nakuru, sinema ilikuwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kanisa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya kijivu, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na Padri mwenyewe akaiwasha mashine iliyotatarika kama cherehani. Wadogo tulikaa sakafuni, wakubwa nyuma kwenye mabenchi. Harufu ya mle hainitoki mpaka leo: mafuta ya nazi vichwani, njugu karanga kwenye karatasi za gazeti, na jasho la watoto waliotoka moja kwa moja kwenye kati, ule mchezo wa kulengana kwa mpira. Ukichelewa ulitazama migongo ya watu, na hukulalamika.

Padri alikuwa na filamu chache za Marekani, zote kuukuu, nyeusi na nyeupe. Kiingereza cha Wamarekani wale kilitokea puani na hakuna aliyeshika hata nusu yake, kwa hivyo hadithi tulijitungia wenyewe. Majina ya waigizaji nayo yalipita kabla hatujayasoma, basi tukawabatiza. Kulikuwa na Bwana Bastola, kulikuwa na Mzee Ndevu, na kulikuwa na Dada Kofia.

Dada Kofia hakuwa nyota wa filamu hata siku moja. Alikuwa dada wa yule mrembo, au mwalimu wa kijiji, au nesi anayeshika taa wakati daktari anajisifu. Lakini sisi wasichana tulimpenda yeye. Kabla ya kutoka nje aliivaa kofia yake kwa mikono miwili, polepole, kisha akaugusa ukingo kwa kidole kimoja ikainama upande wa kushoto. Kila filamu alifanya hivyo. Nyumbani tulivaa mabakuli ya plastiki kichwani tukayainamisha vivyo hivyo, mpaka mama akauliza uji tutaunywea wapi.

Mwaka mmoja nyanya yangu, tuliyemwita Dani kama Wajaluo wanavyoita, alikuja kutoka Siaya kutibiwa miguu. Alikuwa hajawahi kuona sinema. Mama akampeleka Jumapili, akamkalisha benchi la nyuma. Siku hiyo ilionyeshwa filamu ambamo Dada Kofia anaugua. Alilala karibu na dirisha, pazia likipepea, nje mtoto akicheza na mbwa, kofia yake imetundikwa msumarini. Akakata roho. Jamaa zake wakasimama kimya, mmoja akajipangusa jicho, kisha wakaenda kunywa chai.

Dani hakuvumilia. Aliinuka na miguu yake ile mibovu, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru ya msiba ya kwetu. Alitembea mbele ya shuka akienda na kurudi, kivuli chake kikiwafunika wafiwa wenyewe. Mama akamkimbilia.

"Mama, keti. Hii ni sinema tu."

"Sinema ndiyo nini? Msichana amekufa, nimemwona kwa macho yangu. Mtoto wa mtu hazikwi kimya kimya."

Kabla jua halijazama, mikeka ilikuwa imetandikwa mbele ya nyumba yetu. Jirani Mkikuyu alileta githeri ya mahindi na maharagwe, mama mmoja Mluhya akaleta chai ya rangi kwa sufuria kubwa, wanaume wakakoka moto. Watu wazima walijua fika kwamba ni filamu. Lakini ungemwachaje bibi wa watu alie peke yake? Kwetu kwenye kota nduru ya msiba ikishalia, watu huja, maswali baadaye. Sisi watoto tulilia kwa kweli, mimi mpaka nikashikwa na kwikwi. Padri alipita na baiskeli akauliza nani amefariki. Alipoambiwa, akaegemeza baiskeli ukutani na kupokea kikombe cha chai.

Wiki tano baadaye ikaja filamu nyingine. Haikufika mbali, mlango ukafunguliwa na akaingia Dada Kofia, mzima wa afya, anacheka, kofia imeinama kushoto. Ukumbi ulilipuka kwa mayowe! Watoto wa mbele walikimbilia nje na mmoja akaacha kiatu. Tuliobaki tukamgeukia Dani. Alikuwa ametulia anatafuna njugu.

"Mnaona?" akasema. "Tulilia vizuri. Amesikia, amerudi."

Binti yangu Achieng, aliyezaliwa huku Minnesota, kila nikimsimulia hayo hushika kichwa. "But Mum, si mngecheck tu kwa simu?" Simu! Kota nzima ilikuwa na simu moja, ya stesheni masta, na haikupigwa kuuliza habari za waigizaji. Watoto wa siku hizi hujua mtu amekufa kabla hajapoa, na bado hawajui walie vipi.

Sasa naishi Blaine, na kila alfajiri nadrive hadi Minneapolis, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Wakati wa baridi uliopita tulimpokea bibi wa miaka tisini na kitu, hana mtoto wala ndugu. Jina lake kazi yetu hainiruhusu kulitaja. Wakati wa kupokezana zamu niliambiwa: huyu husema aliwahi kuwa mwigizaji, wewe mkubalie tu, umpeleke akale.

Asubuhi ile alikataa kutoka chumbani bila kofia. Nikampa. Akaivaa kwa mikono miwili, polepole, halafu akaugusa ukingo kwa kidole kimoja.

Nilijikuta nimeketi kitandani kwake, jambo tulilokatazwa. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha Nakuru kama aliwahi kufa karibu na dirisha, pazia likipepea.

"Nimekufa filamu saba, mpenzi," akasema. "Nje kulikuwa na nini?"

"Mtoto na mbwa."

"Ah, hiyo. Mbwa yule aliniuma."

Tangu siku hiyo, nikimchana nywele, alinisimulia maisha yake. Mama yake alikuwa mshona kofia hapa hapa Saint Paul, na ndiye aliyemfundisha kuivaa. Alikwenda California na magauni mawili. Alicheza filamu miaka kumi na minne, siku zote dada wa mtu, kisha akawa nesi kwenye kipindi cha televisheni cha kila wiki, misimu mitatu. Halafu zikatafutwa sura mpya, simu ikanyamaza, akatangaza sabuni, mwisho akarudi kwao kufundisha watoto wa shule maigizo.

"Dada wa mrembo hakumbukwi na mtu," alisema, akitazama theluji juu ya magari. "Nilifanya kazi yote ile, na sijui kama kuna aliyeniona."

Alilisema kila siku. Nami jibu nilikuwa nalo, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwetu kumwambia aliye hai kwamba umeshamfanyia matanga ni kumtakia mkosi. Na huku, msimamizi wangu angetaka kujua kwa nini naongea habari za mazishi na mgonjwa wa moyo. Wiki tatu nilinyamaza, naye akizidi kudhoofika, chakula anakirudisha. Nikamweleza mwenzangu wa zamu, Mama Furaha, mtu wa Kongo.

"Umuambie tu, ma chère," akasema. "Akienda bila kujua, ni weye utabakia na ile muzigo."

Nikamwambia. Nilianza na ukumbi, nikafika kwa Dani, kwa mikeka, kwa githeri, kwa Padri na baiskeli. Alisikiliza bila kupepesa macho. Aliuliza wangapi walikuja. Aliuliza chai ilikuwa na maziwa au la. Kisha akasema, "Bibi yako alilia vipi? Nionyeshe."

Nikafunga mlango, nikaweka mikono kichwani, nikalia kidogo, kwa aibu.

"Sauti," akasema kama mwalimu. "Watu wa nyuma hawasikii."

Basi nikapiga nduru ya Dani yenyewe. Nesi wa zamu alikuja mbio akanikuta nimeshika kichwa na bibi anapiga makofi, machozi yanamtiririka na anacheka. Nilipewa onyo kwa maandishi. Yeye siku hiyo alimaliza uji wote, na hakusema tena kwamba hakuna aliyemwona. Aliniuliza jambo moja tu, mara nyingi: "Wiki tano?" Nami nilimjibu, "Wiki tano."

Alifariki theluji ilipoanza kuyeyuka. Mazishi yalichukua dakika ishirini. Tulikuwa watu tisa, sahani ya biskuti, na mchungaji asiyemjua akisoma kwenye karatasi. Kofia yake ilikuwa juu ya jeneza. Watu wakasimama kimya, mmoja akajipangusa jicho, nikajua kinachofuata ni chai.

Nikaweka mikono kichwani. Achieng, aliyekuwa amenileta kwa gari, akanivuta koti. "Mum, please."

"Mtoto wa mtu hazikwi kimya kimya," nikamwambia, nikalia kwa sauti ya kuwafikia watu wa nyuma. Baada ya muda nikasikia sauti nyingine kando yangu, nyembamba, haijui maneno. Alikuwa mwanangu.

Enzi zetu mtu alikuwa na watu hata asiowajua, ng'ambo ya bahari, wamemkalia matanga juu ya mikeka. Siku hizi kila filamu imo mfukoni, na jirani huzimika mlango wa pili tusijue. Nasema hivi bila ugomvi. Hata mimi majirani zangu wa Blaine siwajui majina.

Wiki ya tano baada ya mazishi nilikuwa kazini, napanga vikombe kwenye chumba cha kulia. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Nilijua ni mpishi analeta uji. Lakini niligeuka.