Droo ya Dirisha la Nne

Karani wa dirisha la nne, hapa kwetu ofisi ya uhamiaji, huupulizia muhuri pumzi kabla ya kuugonga, kama mtu anayepoza chai. Kila chama kikiingia madarakani, fomu za wageni hubadilika: hiki huuliza mgeni ana ujuzi gani, kile huuliza ataondoka lini. Yeye hatupi karatasi hata moja. "Zitarudi tu," husema, akiisukuma droo kwa goti mpaka ifungike.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya sheria ya zamani. Ombi ambalo halikugongwa muhuri jana lingeangukia sheria mpya, na hiyo ni kali. Saa kumi kamili mkuu wetu mpya, beji ya chama tawala kifuani, akamwambia, "Mama, funga dirisha." Watu kumi na wawili walikuwa bado kwenye foleni. Karani akavuta droo, akatoa waraka uliofifia, akamsomea polepole: aliyeingia mlangoni kabla ya saa kumi atahudumiwa.

"Huu ni wenu, mwanangu. Mliutoa mlipotawala mara ya mwisho."

Karani akaupulizia muhuri. "Anayefuata!"