Mto Manjano Jikoni Kwetu Germantown

Binti yangu alipewa kazi shuleni, huku ughaibuni, ya kutengeneza mfano wa mto mkubwa wowote duniani. Nikamwambia achague Rufiji wa kwetu nyumbani. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anataka Mto Manjano wa Uchina.

"Basi manjano tunayo," nikasema, nikatoa kopo la bizari kabatini.

Tukakanda unga wa ngano na chumvi juu ya ubao. Milima tukaiinua magharibi, bahari tukaiweka mashariki, na mto tukauchora umenyooka kama barabara kuu. Mara akaingia jirani yetu, bibi wa Kichina aliyehamia kwa mwanawe, kurudisha bakuli langu. Alipouona ule mto alishika kiuno, akacheka.

Hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akakunja mikono ya sweta, akaufuta mto wetu kwa kiganja, akaupandisha kaskazini, akaupinda, akaushusha kusini, ndipo akauacha uende baharini. Katikati akanyunyiza bizari tele: ule udongo wa vilima unaoupa mto rangi yake. Akajaza tope mtoni na kuinua kingo, hadi ikaonekana maji yatapita juu kuliko mashamba ya kandokando.

Kisha akaugusa mto, akagusa kifua chake. "Mama," akasema.

"Mama! Amesema Kiswahili!" binti yangu akapiga kelele, naye kwa Kiswahili safi!

Kumbe na kwao mama ni mama, na mto ule wanauita mama yao. Tukaanza kuitana mama wote watatu, tukicheka hadi machozi.

Siku ya maonyesho bibi alikuja nami shuleni, kavaa koti jekundu la hariri. Binti yangu akamimina maji, akieleza jinsi mto ule unavyolisha watu na unavyowafukuza makwao ukifurika. Palepale kwenye kona ukingo ukapasuka. Maji ya manjano yakafagia mashamba, yakashuka mezani, yakajaa kwenye viatu vya mwalimu.

Binti yangu akaonyesha ukingo kwa kidole. "Ndivyo unavyofanya," akasema.

Bibi akasimama akapiga makofi kwa nguvu, mwalimu akaangua kicheko, na watoto wakashangilia wakitaka maji yamwagwe tena.

Njiani kurudi, nikiendesha gari, bibi alitufundisha kulitamka jina la mto kwa Kichina. Kila tulipokosea alijipiga mapaja kwa kicheko, nami nikapitiliza njia ya kuiacha barabara kuu kwenda kwetu, na wala sikujali.