Mama Mkwe Amemkuta Mume Wangu Anatwanga

Na mlivyonionya kwamba mama mkwe huja bila taarifa, jamani, leo amekuja!

Akamkuta Daudi wangu uani hapa Mlandege, kifua wazi, anatwanga mahindi. Mimi nimekaa pembeni namtazama. (Nani asingemtazama?)

Hamjui bado: daktari alimpa vidonge vya kupunguza unene, akamwonya kwamba asipokula maharage na mayai na kufanya kazi ya nguvu, misuli nayo itakwisha. Ndipo Daudi akaninyang'anya mchi.

Mama akaangusha kikapu.

"Mwanangu kakonda, na sasa anatwanga! Binti, umemlisha limbwata? Daudi, fungasha nguo zako, twende kwetu Chimala."

Nilitaka kulia.

Daudi akacheka, akamweleza habari za dawa, akamnyooshea mkono. "Hebu shika, mama."

Akaminya. Akaminya tena.

"Mh! Huu si mkono wa mgonjwa." Akanigeukia mimi. "Haya, mwanangu, hayo maharage yamebaki?"

Mwanangu! Mmesikia?

Sasa anataka Daudi akamtwangie mpunga kwake, ili majirani zake wanaosema kalogwa wajionee wenyewe. Kabla ya mwezi kwisha tutakuwa Chimala. Njooni mtuone!