Mlinzi Asiyesema

Nilimfahamu kwenye ukumbi wa karate ulio juu ya duka la vitenge, Chaussée de Wavre, Brussels. Nilijiunga na darasa la wanawake la Jumamosi kwa sababu mume wangu alikuwa akishinda ubalozini na mimi nimechoka kukaa na kuta. Mwalimu wetu alikuwa nyota wa filamu. Wakongo walimsimamisha barabarani wapige naye picha. Alikuwa amecheza filamu kadhaa za mapigano, Ubelgiji na Ufaransa, na katika zile za karibuni ndiye aliyekuwa steringi, mchezaji mkuu.

Aliposikia natoka Dar es Salaam akaanza kuniita yaya. Nilinuna kimoyomoyo, nikidhani ananiona mlezi wa watoto, mpaka mama yake aliponieleza kwamba kwao Lubumbashi yaya ni dada mkubwa.

Siku moja baada ya mazoezi aliniomba nibaki. Hollywood walikuwa wamemwita: sehemu ya mlinzi wa rais, yenye maneno ya kusema. Lakini walipotazama video yake ya majaribio walisema sauti yake si ya Kiafrika. Alitaka nimfundishe Kiingereza kama tunavyokiongea kwetu.

"Bon, yaya, banataka Afrika gani?" aliniuliza.

Sikujua. Yeye aliletwa Brussels akiwa anabebwa mgongoni, na Kiingereza chake kilinuka Kifaransa. Changu kilinuka shule ya bweni ya Tabora. Na nchi ya kwenye filamu ilikuwa ya kubuni, haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwasikia watu wake wakiongea.

Tulifanya mazoezi jikoni kwa mama yake, Ixelles, mama akisonga ugali, wenyewe wanauita bukari, na kutucheka. Akarekodi, akatuma. Wakajibu kwamba sasa imezidi, watazamaji hawatamwelewa. Akajaribu ya katikati. Mwisho wakasema kazi ni yake, wanayapenda sana mateke yake, ila mlinzi atavaa barakoa na hatasema neno.

Nilimuuliza kama atakataa. Alisema anayekataa mara ya kwanza haitwi tena.

Alikaa huko miezi. Aliporudi hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba kutwa nzima alikuwa akimfundisha steringi, mtu asiyejua hata kukunja ngumi, namna ya kumpiga yeye.

Filamu ilipofika Brussels alidai ana mafua, nikaenda na mama yake kwenye sinema karibu na Porte de Namur. Walinzi wenye barakoa walitokea kundi zima. Mmoja akaruka juu ya paa, akazunguka hewani, akapiga teke, kisha akaanguka chini na kufa. Mama alinishika mkono.

"Ule ni yeye," alisema. "Mutoto yangu nitakosa kumujua?"

Akapiga makofi peke yake hadi watu wakageuka. Nilikuwa nimeitazama miguu ya kijana yule Jumamosi nyingi. Niliitazama tena pale kwenye kioo kikubwa, na sikuwa na hakika.

Jioni ile nilimpigia simu kumpongeza kwa teke la paani. Akasema huyo si yeye. Walimpiga picha, ndiyo, lakini vipande vyake vyote vilikatwa, na alikuwa ameambiwa juma lililopita.

"Maman alifurahi?" aliuliza.

Nikasema alifurahi sana.

"Donc usimuambie."

Sikumwambia. Mama amelisimulia teke lile kanisani na saluni, na nikiwapo hunigeukia mimi kama shahidi. Naitikia kwa kichwa. Wakati mwingine nafikiri labda mwana ndiye anayedanganya, kwa sababu hataki kuonwa akifa vile. Kumuuliza tena siwezi.

Jumamosi moja wanawake darasani walimwomba awaonyeshe teke la kwenye filamu. Nilidhani atakataa. Alisogea katikati ya ukumbi, akazunguka hewani na kulipiga, safi kuliko lile tuliloliona, akatua bila kishindo. Wenzangu wakashangilia. Nami nikapiga makofi, nikimwangalia usoni kutafuta kama ana uchungu au anajivunia, nisione kitu. Akafuta jasho, akatuambia tujipange wawili wawili.